Kwenu Kenya, chuo Dar: namna ya kuvuka mwaka wa kwanza ukiwa na hamu ya nyumbani

Siku yangu ya nne Dar es Salaam nilikwenda kwenye genge moja Sinza, yaani kibanda cha mboga, nikaulizia dhania na ndengu. Mama mwenye genge akanitazama, akaitazama meza yake, akasema hana. Nilikuwa naviona vyote viwili, lakini kwa aibu nikashindwa hata kunyoosha kidole. Kumbe hapa dhania ni giligilani, na ndengu ni choroko. Mimi niliyetoka Nakuru na A yangu ya Kiswahili nikarudi chumbani mikono mitupu, nikakaa kitandani nikalia. Sikuwa nalilia choroko.

Mtu anayekwenda kusoma Uchina au Uturuki anajua fika kwamba anakwenda ugenini, kwa hiyo anajiandaa. Wewe unayevuka Namanga au Horohoro unaambiwa na kila mtu, "Ah, hapo ni jirani tu, lugha ni moja." Ndiyo maana hamu ya nyumbani hukukuta huna kinga. Kuwa mgeni ndani ya lugha unayoijua kunachosha kuliko kutoijua kabisa, kwa sababu hakuna anayekusamehe na wewe mwenyewe hujisamehi.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Ninaandika kwa ajili ya Mkenya anayeanza chuo Dar, ingawa Mrundi, Mkongo na Mngazija nao watapata chao humu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, ila ya tatu usiiruke hata kama utaziruka nyingine zote.

Hatua ya 1: Kabla hujapanda basi

Karatasi kwanza. Pasipoti, barua ya udahili, vyeti halisi pamoja na nakala, picha ndogo kadhaa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwanafunzi wa kigeni huishi hapa kwa kibali cha ukaazi daraja C, na maombi hufanyika kwa mtandao kupitia Uhamiaji. Waulize mapema watu wa udahili chuoni kwako nani anashughulikia wageni, umpigie ukiwa bado kwenu. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu ambaye kibali chake hakijakaa sawa hutembea na hofu kila siku, na hofu ile usiku hugeuka ikawa "nataka kurudi kwetu". Nimeliona kwa zaidi ya mmoja.

Nguo: Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Dar iko ufukweni. Sweta moja ya ndani ya basi inatosha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini sisi tulishazoea tangu 2017, hilo halitakusumbua.

Halafu beba majani ya chai, kilo mbili. Nitaeleza baadaye ya nini.

Hatua ya 2: Tafuta pa kulala penye watu

Ukipata hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, ichukue, hata kama chumba kina vitanda vingi na feni moja. Utasikia pia habari ya kubebana, yaani aliyekosa nafasi kulala kitanda kimoja na rafiki aliyepata. Ni kinyume cha taratibu za hosteli, ila watu wengi wamesoma hivyo, na baadhi yao ni marafiki mpaka leo.

Ukikosa, utaingia mikononi mwa madalali. Dalali wa Dar kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Usilipe kodi kwa dalali. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, mkataba uandikwe, na chumba uwe umekiona kwa macho, ukafungua bomba na kuwasha taa. Mimi dalali mmoja alinitoza hela ya kuonyeshwa vyumba vitatu, vyote vikiwa na watu ndani. Cha tatu tulimkuta mpangaji anakula. Akatukaribisha chakula.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa yule dalali. Lilikuwa kupenda faragha. Nilichukua chumba masta huko Kimara ndani ndani, choo humo humo, geti langu mwenyewe, nikajiona nimepata. Miezi mitatu hakuna mtu mtaa ule aliyejua jina langu. Ningeweza kuugua Ijumaa nikagunduliwa Jumatatu. Nilipohamia Sinza kwenye nyumba ya wapangaji sita, ua mmoja, bomba moja na choo cha foleni, niliona nimeshuka daraja. Wiki ya pili muuguzi wa chumba cha mbele akaniuliza mbona jana taa yangu haikuwaka. Nilimjibu kawaida tu, kisha nikaenda kukaa chooni mpaka macho yakauke.

Ukihamia mtaani, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa mjumbe, kiongozi wa nyumba chache za jirani, na ufike ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Kuna siku utahitaji barua yao, na ni vizuri siku hiyo isiwe ndiyo ya kwanza kukuona.

Hatua ya 3: Jifunze kuomba

Hapa ndipo tunapokwama sisi wa kutoka bara la Kenya. Kwetu unaingia hotelini unasema, "Nipe chai na chapati mbili," na hakuna ubaya. Dar sentensi hiyo hiyo inasikika kama umemkamata mtu ukosi. Hapa mtu huomba, hata kitu anachokilipia: "Samahani dada, naomba chai." Dukani naomba vocha. Kwenye daladala naomba nipite. Anayekuhudumia hatakukaripia ukikosea, atapoa tu. Atakuletea chai yako bila neno, nawe utakaa pale ukidhani watu wa jiji hili hawana bashasha, kumbe wao wanadhani wewe umekasirika.

Salamu nazo zinataka muda wake. Anayekuzidi umri kwa kiasi cha kuwa mzazi wako au karibu na hapo, mwamkie shikamoo, kisha nyamaza umpe nafasi ya kuitikia marahaba. Ukiwa na shaka, toa. Kuna dada wa miaka thelathini na kitu atakwambia, "Usinizeeshe bwana," mtacheka, na hapo hapo mmeshajuana. Watoto wa mtaani nao watakuamkia wewe. Usione soni, sema marahaba, umeshakuwa mtu mzima. Baada ya hapo hufuata habari: za asubuhi, za tangu jana, umeshindaje, za masomo. Usianze shida yako kabla hayajaisha.

Maneno matatu yatakuokoa kuliko mengine. La kwanza ni "karibu". Ukimpita mtu anakula, hata humjui, atasema karibu. Ukiitikia kwa kusimama tu umetoa macho, inakuwa vurugu. Jibu ni "starehe", au "ahsante, nashukuru", unapita. La pili ni "hodi", hata kama mlango uko wazi na mwenyewe unamwona. La tatu ni "pole". Kwetu pole tumeizoea zaidi mtu anapokukanyaga. Huku unapewa pole kwa kutoka kazini, kwa kutoka safari, kwa kusoma, kwa joto. Mwanzoni nilidhani watu wananihurumia. Unaitikia "ahsante, nimeshapoa", basi. Uzito wa neno hilo nilikuja kuujua baadaye, nitaufikia.

Ukishaweza kuomba chai, hamia kwenye kuomba chumvi. Namaanisha chumvi ya kweli, kwa jirani, hata kama yako ipo. Omba kiberiti, omba kuazima pasi, ulizia daladala ya Makumbusho inasimama wapi. Usipoomba kitu, na wao hawatakuomba, na asiyeombwa chochote mtaani hapa ni mpita njia. Siku ya kwanza niliyojiona mkazi wa Dar ni siku mtoto wa chumba cha tatu alipotumwa mlangoni kwangu: "Mama anaomba ndimu."

Genge lina msamiati wake. Githeri hapa ni makande. Managu ni mnafu. Sukuma wiki utaipata, lakini pwani watu wanapenda zaidi mchicha, matembele na kisamvu. Stima ni umeme, na umeme hununuliwa kwa LUKU, yaani unalipia kabla ya kutumia. Mkiwa wapangaji wengi mita moja, mtachangishana, na ugomvi wa nani ana friji utakukuta. Mia tano ni jero, elfu moja ni buku, elfu kumi ni msimbazi.

Jambo moja ulitupe Namanga: sentensi inayoanza na "kwetu Kenya". Unaisema kwa hamu, mwenzako anaisikia kama majivuno. Nilijihesabia siku moja darasani nikafika tisa kabla ya saa sita mchana.

Hatua ya 4: Acha kugawa kwa ishirini

Shilingi 1 ya Kenya ni kama 20 hivi za Tanzania, inapanda na kushuka. Wiki ya kwanza noti ya elfu kumi inakutisha, wiki ya pili inakudanganya, kwa sababu ukiigawa unaona ni mia tano tu ya nyumbani, unaitoa. Mwisho wa mwezi unashangaa. Kinachosaidia ni kukariri bei tatu kwa fedha ya hapa: sahani ya wali maharage kwa mama lishe wako, nauli ya kwenda chuo na kurudi, na umeme wa wiki. Kila kitu kingine kilinganishe na hizo. "Viatu hivi ni sahani kumi na tano" ni hesabu inayoingia akilini.

Kutoka nyumbani unaweza kutumiwa kwa M-Pesa, njia ya Kenya na Tanzania iko wazi tangu 2015. Laini yako isajili kwa jina lako, kwa pasipoti na alama za vidole, usipokee laini ya "nimeshakusajilia". Na ijue kalenda ya bumu, fedha za kujikimu ambazo wenzako wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata. Bumu likitoka kila mtu anakualika, likichelewa kila mtu anakopa, na wewe usiye na bumu ndiye utakayeonekana benki. Jiwekee kiwango cha kukopesha, usikizidi.

Hatua ya 5: Tumbo lina kumbukumbu zake

Asubuhi Dar utakuta watu wanakula chapati kwa supu ya ng'ombe yenye ndimu na pilipili. Nilikataa miezi miwili kwa madai kwamba chapati ni ya jioni na ndengu. Ujinga mtupu. Ile supu, siku uliyolala vibaya, inakurudisha duniani.

Chagua mama lishe mmoja, umzoee. Ukihamahama kutafuta anayepika kama mama yako hutampata, lakini ukirudi kwa yule yule kila siku kuna siku atakuwekea ukoko bila kuambiwa kwa sababu anajua unaupenda. Kula pale pale kwenye benchi, acha kufungasha. Chakula cha kwenye foili chumbani, mbele ya simu, ndicho chakula cha huzuni kuliko vyote.

Sasa yale majani ya chai. Hapa wengi hunywa chai ya rangi, yenye tangawizi au mchaichai, na ni nzuri. Lakini mkono wako unajua chai ya maziwa iliyochemka pamoja mpaka ikabadilika rangi. Usiipike kikombe kimoja ukanywa peke yako dirishani. Pika sufuria. Pika Jumapili saa kumi jioni, toa nje uani. Kwa nini saa hiyo, soma hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Zijue saa zake

Hamu ya nyumbani haikai nawe siku nzima, ina ratiba. Kwangu ilikuwa Jumapili kuanzia saa tisa alasiri: nimefua, nimekula, kazi za darasani sizitaki, na najua kwetu sasa hivi wametoka kanisani, wamekaa sebuleni, mjomba anabishana na televisheni. Rafiki yangu kutoka Mombasa yake ilikuwa magharibi, adhana ikilia, kwa sababu inafanana mno na ya kwao. Andika wiki mbili tu saa ambazo inakushika. Utaona ni zile zile, na ukishazijua, uzipangie miadi ya nje ya chumba, tena na mtu anayekungoja.

Ukiwa Mkatoliki, jumuiya ndogondogo hukutana nyumba kwa nyumba mitaani, na hawatakuuliza umetoka wapi zaidi ya mara moja. Misikiti ina darsa. Kwaya zina mazoezi katikati ya wiki, wakati ambao mwanafunzi mgeni anazubaa. Kama si mtu wa dini, panda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni na kurudi. Dakika chache tu, upepo, watu na baiskeli na ndoo za samaki, nauli yake ni ndogo, na ukishuka upande wa jiji kichwa kimekuwa chepesi. Au mihogo ya Coco Beach jioni, ingawa mwezi wa kwanza nisingekushauri uende peke yako, pale watu huenda wawili wawili.

Usiku ni habari nyingine. Masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo unafika na mvua za vuli, kisha kabla hujazoea inaingia Januari yenyewe na joto lake. Mtu wa nyanda za juu hapati usingizi, na asiyelala hukumbuka kwao mara mbili. Nunua feni kabla ya kununua kitu kingine chochote. Oga kabla tu ya kulala, usijifute sana. Neti ishushe hata kama inazuia upepo.

Na hapa nataka usome taratibu. Uchovu, kukosa hamu ya kula, kichwa kizito, kutaka kulala tu: dalili hizo ni za hamu ya nyumbani, na pia ni za malaria. Wewe uliyekulia kwenye baridi mwili wako haujaizoea kama wa mtu wa pwani. Ukihisi homa, usijipe falsafa, nenda zahanati ukapime siku hiyo hiyo. Nilikaa siku tatu nikijisemea "ni upweke tu" hadi muuguzi wa chumba cha mbele aliponigusa shingoni akaniburuta.

Kama umepima, huna malaria, na wiki mbili zimepita hulali, huli, huendi darasani, au umeanza kuona afadhali usingekuwepo, hiyo haiitwi tena hamu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au ofisi ya mshauri wa wanafunzi, au hospitali. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Mwambie na mtu mmoja wa karibu, akusindikize.

Hatua ya 7: Simu ya nyumbani

Mara mbili kwa wiki, siku na saa inayojulikana. Mwanzoni nilikuwa napiga kila jioni. Mama anauliza umekula nini, nasema, ananyamaza, nanyamaza, wote tunasikia mvua ya Nakuru kwenye simu. Nikikata najisikia vibaya kuliko kabla. Nilipopunguza, nilianza kuwa na kitu cha kusimulia: konda aliyekataa noti yangu iliyochanika, mhadhiri anayekohoa kabla ya kila swali. Hadithi huhitaji siku tatu kuiva.

Usipige usiku wa manane ukilia, labda pawe pameharibika kweli. Wewe utalala ukishalia, mama yako hatalala wiki nzima.

Lakini simu inayoogopwa ni ile inayotoka nyumbani. Muhula wa pili nilipigiwa saa kumi na moja alfajiri: bibi amefariki. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu, nauli sikuwa nayo. Nikafunga mlango nikaamua sitamwambia mtu, maana nitasema nini, bibi mwenyewe yuko Nakuru na hakuna anayemjua. Saa mbili muuguzi akagonga kuulizia ndoo yake. Akaniona uso, akauliza, nikasema.

Sikujua kinachofuata. Ndani ya saa moja mkeka ulikuwa umetandikwa uani. Wanawake wa mtaani niliokuwa nawaamkia tu wakaja wamejifunga khanga, wakakaa. Mtu akaleta sukari, mtu mkaa. Daftari likapita, majina na kiasi cha rambirambi, elfu mbili, elfu moja, jero. Mama wa genge, yule yule wa dhania, aliandika elfu tano. Kila aliyeingia alinishika mkono akasema, "Pole, mwanangu," nami nikajibu kama nilivyofundishwa, ahsante, ila nimeshapoa haikutoka. Jioni walisali, Waislamu kwa dua yao na Wakristo kwa wimbo, kwa ajili ya mwanamke ambaye hawakupata kumwona.

Kwa hiyo maelekezo ni haya: ukifiwa, sema. Usingoje uwe na maneno. Mtaa unajua la kufanya, lakini hauwezi kulifanya nyuma ya mlango uliofungwa. Wajulishe na chuo kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa ajili ya mitihani. Mimi sikuandika, nikaishia na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio.

Hatua ya 8: Simba au Yanga

Utaulizwa. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, Jangwani na Msimbazi, kijani na nyekundu. Jibu la "mimi sishabikii" linakufungia milango ya daladala, kinyozi, mlinzi wa getini na nusu ya wahadhiri. Chagua moja wiki ya kwanza usibadilishe. Wewe uliyetoka kwenye soka ya Gor na Ingwe unajua mambo haya. Sitasema yangu ni ipi, ila siku ya mechi yao Uwanja wa Mkapa sivai kijani.

Hatua ya 9: Wenzako wa kwetu

Wakenya wa chuoni utawapata siku ya pili, na watakufaa: wanajua ofisi gani inafungwa mapema, nani anasafiri lini na anaweza kubeba mzigo. Kaeni pamoja mara moja kwa wiki. Mkianza kukutana kila usiku, mazungumzo yanageuka kesi ya kuishitaki Dar: foleni, joto, mtu aliyesema njoo kesho. Mnatoka hapo mmeshiba hasira. Nilikuwa kwenye kundi kama hilo, na aliyekuwa hodari wa kulalamika kuliko wote ndiye aliyefungasha mwezi wa tano.

Hatua ya 10: Desemba

Swali utakaloulizwa kuliko yote hapa ni "Kwenu wapi?" Mwaka wa kwanza lilinichoma kila mara, nilisikia "huyu si wa hapa". Baadaye nikagundua wanaulizana wao kwa wao. Kwenu Songea, kwenu Bukoba, kwenu Mbeya, kwenu Pemba. Aliyezaliwa Temeke na mama yake kuzaliwa Temeke naye atakutajia kijiji ambacho hajawahi kulala.

Ushahidi uko Stendi ya Magufuli, Mbezi, kuanzia kama tarehe 18 Desemba. Wachaga wanapanda kwenda kula Krismasi Kilimanjaro, na jiji zima linawatania kwa hilo. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa. Hilo linakuhusu, kwa sababu basi lako la Nairobi hupita njia hiyo hiyo, Moshi, Arusha, Namanga. Ukipata likizo ya Krismasi, kata tiketi Novemba. Anayekwenda Mombasa kupitia Tanga na Horohoro anaponea hapo. Fika stendi mapema, mzigo uandikwe jina, na usimkabidhi begi mpiga debe hata akikuita dada yake.

Cha kupeleka: korosho, na khanga ya mama kutoka Kariakoo. Isome jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa. Mimi kwa haraka nilimpelekea shangazi khanga ya kumsema mke mwenza.

Cha kurudi nacho unakijua, kilo mbili. Mwaka huu mimi narudi na nne, maana mama wa genge ameagiza za kwake. Nilipokwenda kumuaga alinifungia choroko kwenye gazeti, zawadi, akanihesabia pesa ya majani ya chai, halafu akaniuliza kwa sauti ya kila mtu sokoni kusikia, "Na dhania huendi nayo?"